Umeshinda kesi ya haki za msingi. Halafu?

Mzee wa Korido (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Humu jukwaani kuna makundi mawili. Mtu akionewa, kundi la kwanza linamwambia "nenda mahakamani", kana kwamba mahakama ni bomba, ukifungua tu haki inatiririka. Kundi la pili linamwambia "mahakama za nchi hii hamna kitu, nyamaza ulale". Nimekuwa msaidizi wa kisheria miaka kumi na minne sasa. Kazi yangu kubwa ni kukaa kwenye mabenchi ya korido za mahakama, kuwaandikia watu madai yao na kuwasindikiza kwa karani. Si wakili, na mawakili wa humu nikiteleza mnirekebishe. Kwa nilichokiona, makundi yote mawili yanakosea, na yanakosea mahali pamoja: yanaangalia siku ya hukumu. Mimi nataka tuangalie kesho yake.

Uzi ni mrefu. Wa kukimbia akimbie mapema.

Tuanzie Muleba. Mwaka 1988 mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Umri ulikuwa umekwenda na hakuwa na wa kumtunza. Akamuuzia mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Kijana wa ukoo, mtoto wa ndugu yake, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo, mila zimekataa. Na kweli zilikuwa zimekataa, tena kwa maandishi. Tangazo la sheria za mila la 1963 linasema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote ila kuiuza hapana. Mahakama ya Mwanzo ikampa kijana ushindi na kumwamuru mama arudishe pesa. Mahakama ya Wilaya ikapindua. Kijana hakukubali, akapanda Mahakama Kuu Mwanza, na huko akakutana na Jaji James Mwalusanya.

Kumbukeni muda wenyewe. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini Serikali ikajipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla mtu hajaruhusiwa kuishtaki kwa haki hizo. Mlango ulifunguliwa Machi 1988. Sheria zilikuwa zimesafishwa? Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu Nyalali ilipokuja kutoa ripoti yake 1992 bado ilihesabu sheria 40 za kukandamiza. Kwa hiyo Mwalusanya alikuwa na chombo kipya mkononi, na hakukiogopa. Mwaka 1990 akaamua kwamba mila ile inabagua, Katiba imekataza ubaguzi, na kuanzia hapo mwanamke wa Kihaya anauza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Ukoo ukilitaka shamba lake, ulipe zile 300,000 ulikomboe. Napenda sana kipande hicho cha mwisho, maana kiligeuza uchungu wa ukoo kuwa hesabu ya pesa.

Hukumu hiyo inafundishwa vyuoni mpaka leo. Sasa njooni kwenye benchi langu.

Miaka kadhaa baadaye wajane wawili walikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria za mila hizo hizo za urithi, baada ya waume zao kufa na ndugu wa waume kuwatoa kwenye nyumba. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba ndiyo, mila hizi zinabagua. Halafu ikasema kuzibadili kwa hukumu ni hatari, kila kabila litakuja na lake, waachiwe wahusika huko wilayani. Wakakata rufaa. Rufaa ikakaa miaka minne, ikaja kutupwa 2010 kwa sababu ya kasoro ya tarehe kwenye hati ya amri. Tarehe, wakuu. Wajane wale walilazimika kwenda mpaka Umoja wa Mataifa, kwenye kamati inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikawapa haki.

Naendelea chini, nakunywa maji kwanza.

---

Mzee wa Korido

Nimerudi. Sasa Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani.

Wengi mnamkumbuka kwa maneno yake makali, lakini faili zake mahakamani ni shule. Alitaka mgombea binafsi, mtu agombee bila chama. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira akamkubalia. Muda mfupi baadaye Bunge likabadilisha Katiba yenyewe ili hukumu isiwe na pa kukanyaga. Mwaka 2005 akafungua upya, 2006 Mahakama Kuu ikamkubalia tena. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la kisiasa, waachiwe wabunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa nchini, Arusha. Juni 2013 akashinda mara ya tatu.

Ushindi mara tatu, katika miaka karibu ishirini. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Kwenye karatasi ya kura ya uchaguzi ule hakukuwa na mgombea binafsi. Wa 2020 vilevile.

Sasa mniambie huyu mtu alishinda au alishindwa?

---

Kilaza Mstaafu

Alishindwa, mkuu. Na wewe umejipiga bao mwenyewe. Umeandika aya kumi kuthibitisha kundi la pili, kwamba hamna kitu. Jaji anaandika, Bunge linafuta. Mahakama haina jeshi wala hazina, ina rungu la mezani tu.

---

Dada wa Kanzu Nyeusi

Wakili hapa. Mzee wa Korido uko vizuri, naongeza moja ambalo watu huwa hawalisomi.

Ibara ya 30(5) ya Katiba inasema Mahakama Kuu ikiona sheria inavunja haki za msingi, badala ya kuitangaza batili papo hapo inaweza kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Kesi ya Rebeca Gyumi ya ndoa za utotoni ni mfano. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana aolewe na miaka 15 mzazi akiridhia, hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana mpaka 18. Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinavunja Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa, hukumu ikabaki palepale. Muda ukapita, miaka ikaongezeka, sheria haijaguswa.

Kwa hiyo ukisikia "tumeshinda", nenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho ukasome amri. Kurasa nyingine zote ni maneno mazuri.

---

Mzee wa Korido

Dada, hapo hapo ndipo nilipokuwa naelekea, umenitangulia.

Ngoja nieleze kwa lugha ya korido. Kijana akikamatwa na kuku wa jirani, kesi yake inapangiwa tarehe ya kutajwa. Upelelezi haujakamilika? Itatajwa tena baada ya wiki mbili. Bado? Tena wiki mbili. Karani anaandika kwenye rejista, mwendesha mashtaka anasimama kujieleza, hakimu anaguna. Hiyo ni kesi ya kuku. Lakini amri inayoiambia Serikali ya nchi irekebishe sheria inayoozesha mtoto wa miaka 15 haipangiwi tarehe ya kutajwa hata moja. Hakuna siku ambayo mtu atasimama mbele ya majaji wale aulizwe "mmefikia wapi?" Faili linafungwa, linarudi masjala, na mwaka mmoja unaisha kimyakimya kama kadi ya chanjo iliyosahaulika.

Ndugu yangu Kilaza Mstaafu, mimi sisemi hamna kitu. Nasema mahakama zetu zinafuatilia kuku kuliko zinavyofuatilia amri zao zenyewe.

Na kwamba mahakama haina jeshi, kweli, ila siyo kwamba haiumi. Zamani huwezi kuishtaki Serikali mpaka Waziri akupe ruhusa. Yaani unamwomba unayemshtaki kibali cha kumshtaki. Kukutia Ole Pumbun, Mmasai wa Arusha, akalipeleka hilo mbele, na mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ikasema sharti hilo linavunja Katiba. Likaondoka. Wakaweka notisi ya siku 90, ambayo nayo ina karaha yake, lakini ruhusa ya Waziri imekwenda. Kila mwananchi aliyefungua shauri dhidi ya Serikali tangu hapo amepita kwenye mlango ule, na wengi hata jina la mtu yule hawajalisikia.

---

Pwani Tulivu

Salamu kutoka Mombasa, nasoma nikiwa kimya lakini hapa kwa tarehe ya kutajwa lazima niseme.

Kwetu hili lilipiganiwa. Novemba 2011 kijiji cha Mitumba, kando ya uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, kilibomolewa, watu na watoto nje. Wakaenda Mahakama Kuu wakiwa na kundi lao la ustawi, Mitu-Bell. Jaji akawapa haki, na pia akaamuru wahusika warudi mahakamani waeleze wamepanga nini juu ya makao ya watu wale. Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, jaji akishatoa hukumu kazi yake imeisha, hawezi kubaki anasimamia. Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema anaweza. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 23, imempa jaji uhuru wa kutafuta nafuu inayofaa, na amri ya kurudi kuripoti ni mojawapo.

Sisemi watu wa Mitumba wamekaa raha. Kuanzia 2011 hadi 2021 ni miaka kumi, mtoto aliyebomolewa akiwa darasa la kwanza amemaliza la nane. Lakini mlango umefunguliwa kwa wanaokuja.

---

Mzee wa Korido

Asante sana ndugu wa Mombasa. Hiyo ndiyo ninayoililia huku. Na sioni kinachomzuia jaji wetu kuandika sentensi moja zaidi: "Shauri hili litatajwa tarehe fulani ili Mwanasheria Mkuu aeleze hatua iliyofikiwa." Wino wake ni ule ule.

Kuhusu Arusha, najua mtu atauliza. Tanzania iliruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika mwaka 2010, na Novemba 2019 ikaondoa ruhusa hiyo, ikaanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Mwezi ule ule wa kuondoa, mahakama ile ilitoa hukumu kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji, ile inayomfunga jaji mikono asiangalie mazingira, inavunja haki ya kuishi. Rwanda ilishatoka kwa mtindo huo 2016, Benin na Côte d'Ivoire zikafuata 2020. Jengo bado liko Arusha, wakili anaweza kulipita akienda sokoni, ila mteja wake hawezi kuingia na malalamiko mapya.

---

Shangazi Mkali

Mimi sijasoma sheria. Mnaongea Gyumi, Mtikila, Arusha. Mwanangu akikamatwa leo hayo yananisaidia nini?

---

Mzee wa Korido

Shangazi, shikamoo. Swali lako ndilo zito kuliko yote humu, na nitalijibu kwa kisa.

Mahakama moja ya wilaya, sitaitaja. Kijana fundi seremala, anadaiwa kupokea godoro la wizi. Kituoni alikaa siku sita. Sheria inataka mtu wa kosa kama hilo afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au apewe dhamana ya polisi. Mama yake alikuja kila siku akiambiwa "mkubwa hayupo". Siku ya saba wakamleta. Mama alikuwa benchi la pili, barua ya serikali ya mtaa kaifunga kwenye pindo la kanga, imelowa jasho mpaka muhuri umeanza kufifia.

Mwendesha mashtaka akasimama: upelelezi bado, tunaomba arudi rumande. Hakimu alikuwa dada mdogo tu, huenda hata miaka mitatu kazini hajamaliza. Hakuandika. Akaiweka kalamu mezani, akauliza: "Alikamatwa lini?" Yule bwana akapekua faili. Akapekua tena. "Mheshimiwa, faili halioneshi." Akamgeukia kijana: "Wewe, ulikamatwa lini?" "Jumatano iliyopita, mheshimiwa." Kimya. Feni inazunguka. "Nani alinipotezea siku sita za mtu huyu?"

Hakuna aliyejibu. Lakini wadhamini waliitwa pale pale, barua ikafunguliwa kutoka kwenye kanga, na saa tisa kijana alikuwa nje anakula chapati. Nilichokiona baada ya hapo ndicho kilichonibadilisha: miezi iliyofuata, watu wa kituo kile walianza kufika mahakamani mapema. Hakuna hukumu iliyoandikwa wala chuo kitakachoifundisha. Kalamu tu kuwekwa mezani.

Na kalamu ile ina historia, shangazi. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Daudi Pete, ilikubaliana na yule yule Mwalusanya kwamba kifungu kilichomnyima mtu dhamana kwa aina ya kosa tu kilivunja Katiba. Si kwamba vita iliisha. Yapo makosa ambayo sheria bado inafunga mlango wa dhamana kabisa, Mahakama Kuu ikajaribu kuufungua Mei 2020, Mahakama ya Rufani ikaufunga tena Agosti mwaka ule ule. Lakini hakimu akijua kwamba uhuru ndiyo kanuni na rumande ni dharura, anauliza lile swali. Asipojua, anaandika "rumande" bila kuinua macho.

---

Kilaza Mstaafu

Kisa kimenigusa, nakubali. Ila mzee, hiyo ni bahati ya hakimu. Angekuwa mwingine?

---

Mzee wa Korido

Angekuwa mwingine kijana angerudi ndani. Sikudanganyi. Nimeona hivyo mara nyingi kuliko nilivyoona kalamu ikiwekwa mezani.

---

Dada wa Kanzu Nyeusi

Niongeze mawili kabla sijaingia kikaoni.

Kesi ya haki za msingi Mahakama Kuu inasikilizwa na majaji watatu, na ina sheria yake ya 1994. Mwaka 2020 Bunge likaongeza sharti: mwombaji aape kwamba jambo linalolalamikiwa limemgusa yeye binafsi. Wakati ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua kulinda Katiba! Sharti hilo lenyewe likapelekwa mahakamani, kama ilivyopaswa.

La pili, pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa. Ibara ya 107A imewaambia majaji wasifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na sheria ikarekebishwa 2018 kulitilia mkazo, sisi mawakili tukaibatiza "kanuni ya oksijeni". Bado nimeona maombi yakikata pumzi kwa kukosea kifungu, oksijeni ikiwa pembeni.

Afadhali lugha. Tangu 2021 sheria imetambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mteja wangu wa kwanza kusoma mwenendo wa kesi yake mwenyewe bila kutafsiriwa alinyanyua macho akaniuliza, "Kumbe yule shahidi alisema hivi?"

---

Mgeni2

Samahani kuingilia, nimejiunga leo. Mdogo wangu yuko kituoni tangu Jumamosi, leo Jumanne. Wanasema kaiba simu dukani anakofanya kazi. Tunaambiwa lete laki mbili ya dhamana. Nifanyeje?

---

Mzee wa Korido

Pole sana. Usitoe hiyo laki mbili. Dhamana haiuzwi, yeyote anayekutajia bei ya dhamana kituoni anakuomba rushwa.

Sasa hivi, kabla ofisi hazijafungwa, nenda serikali ya mtaa chukua barua ya utambulisho, na beba kitambulisho chako. Kisha kituoni omba kuonana na mkuu wa kituo mwenyewe, si wa kaunta. Kwa upole muulize mambo matatu: kosa lililoandikwa, saa aliyoingizwa kwenye kitabu, na siku anayofikishwa mahakamani. Andika majibu mbele yake. Akikataa kukuona, wasiliana na wakili au ofisi yoyote ya msaada wa kisheria. Tangu 2017 kuna sheria ya msaada huo na hulipi. Mahakama Kuu inaweza kuamuru mtu aletwe mbele yake anaposhikiliwa kinyume cha sheria, ila mara nyingi hufiki huko, wakishajua unahesabu siku.

---

Mgeni2

Nimetoka huko. Mkuu wa kituo ameniona. Amesema wanampeleka mahakamani kesho saa tatu.

---

Mzee wa Korido

Uwe pale saa mbili. Kaa benchi la mbele, hakimu akuone. Na barua usiifunge kwenye kanga, itie kwenye bahasha.